Ulimi Wangu na Gunia la Kumi na Moja

Mlioanza nami tangu wiki ya kwanza mnajua nilipofikia. Aliyeliokota gazeti hili leo likiwa limefungia kitu dukani, nitamvuta upesi asibaki nyuma.

Mimi ni Mirbaz wa Chilgand, juu kabisa katika bonde la Hunza, mpishi mstaafu wa wapanda milima. Miaka thelathini na mmoja niliwapikia watu waliokuwa wakienda kufa kwa hiari yao. Nimeshawasimulia jinsi yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, alivyoila barua yangu ya kustaafu kabla sijaisoma, na jinsi daktari alivyopima damu yangu na ya mke wangu Gulsambar akasema yangu ni mchuzi wa mafupa na yake ni samli. Kolesteroli, alisema. Mafuta yanayoganda kwenye mishipa kama yanavyoganda kwenye sufuria ya jana.

Mwezi wa nne moyo wa Gulsambar ulimbana akiwa mferejini. Akalala hospitali siku tisa, akarudi anatembea kama mtu aliyebeba mayai.

Nimewasimulia pia habari za mpwa wangu Mehrangez, binti wa marehemu dada yangu. Alirudi kutoka Lahore na shahada ya mambo ya vyakula, akavitazama vitu tunavyovikanyaga kila siku juu ya paa zetu, akasema dawa ya mafuta hayo tunaikalia. Shayiri. Jozi, zile kokwa zenye ubongo ndani. Forosadi kavu, mbegu za kitani. Na viini vya kokwa za aprikoti. Akavisaga, akavishindilia kwenye trei, akavikata vipande vya urefu wa kidole. Kashata za moyo, nikaziita. Jina hilo ni langu na simpi mtu.

Watu kumi na wawili wa Chilgand, wote damu zao samli, walikubali kula kashata mbili kila asubuhi kwa miezi miwili, wapimwe mwanzo na wapimwe mwisho. Gulsambar aliandikwa wa kwanza. Mimi nilikataa kuandikwa. Nilisema babu yangu aliishi miaka mia moja na thelathini kwa mafuta ya kondoo, na hakufa kwa moyo bali kwa wivu.

Nilitoa damu tu, kuwasindikiza wenzangu.

Lakini kazi nilikuwa nayo. Mimi ndiye niliyekuwa ulimi.

Kwetu kila mti wa aprikoti una tabia yake na kila nyumba inajua tabia za miti yake. Kuna mti ambao kiini cha kokwa yake ni kitamu, watoto wanakila kama karanga. Kuna mti wa jirani yake, majani yale yale, tunda lile lile, kiini chake ni kichungu, na huo uchungu ni sumu. Tunakikamua mafuta ya kupaka magoti na nywele, basi. Ukila konzi moja, watu wanaanza kuuliza funguo zako ziko wapi.

Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kwa hiyo gunia likiletwa, lazima mtu mwenye ulimi mzuri atafune viini vichache kutoka juu, vichache kutoka katikati, vichache kutoka chini. Mehrangez alinipa mimi kazi hiyo. Ulimi wa mpishi, alisema, hauna mpinzani bonde zima.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo nililokuwa nikilizungukazunguka kwa wiki nne.

Ulimi wangu ulikuwa umekufa.

Homa ya mwezi wa pili iliua nusu. Ugoro ninaoweka chini ya mdomo ukamalizia nusu iliyobaki. Tangu siku hizo sijui sukari, sijui chumvi, sijui maziwa yaliyochacha. Sikumwambia mtu. Tangu nistaafu hakuna aliyekuwa amebisha mlango wangu akinihitaji, na sasa walikuwa wakibisha kila Jumanne na magunia mgongoni. Ningewaambiaje?

Nikawa naonja kwa macho. Natafuna kiini, namtazama mwenye gunia. Mwenye viini vitamu alikuwa ananitazama mimi. Mwenye wasiwasi alikuwa analitazama gunia. Nikakataa magunia mawili kwa njia hiyo, na yote mawili yalikuwa na kasoro kweli, hata nikaanza kuamini kwamba Mungu amenibadilishia ulimi kwa jicho.

Magunia kumi yakapita salama.

Gunia la kumi na moja lililetwa na Nazir, yule fundi wa kuta za mawe. Aliniambia kila kitu mlangoni, wala hakuficha. Juu ya paa lao huwa wanaanika kokwa za kila mti kwenye pembe yake, na kati ya pembe na pembe wanapanga mstari wa mawe. Mvua kubwa ya wiki iliyotangulia iliwakuta shambani. Mama yake akapanda mbio peke yake, akazifagia zote kwenye shuka moja, na mle mlikuwa na kokwa za mti mkongwe wa kule makaburini, ule mchungu.

"Onja vizuri, Mzee," Nazir akasema. "Mama anasema amezichambua. Ila yeye mwenyewe hana uhakika."

Alinitazama usoni moja kwa moja, kama mtu mkweli anavyotazama. Na jicho langu, jinga lile, likasoma ukweli wake likadhani limesoma utamu.

Nikatafuna viini vitatu. Nikafumba macho, nikatikisa kichwa.

"Vitamu kama wiki ya kwanza ya ndoa," nikasema.

Nazir akacheka, akaenda zake na moyo mweupe.

Mtauliza, je, wenye kula hawana ndimi? Kashata ikiwa chungu si wataitema? Wangeitema. Ila kulikuwa na kosa langu jingine, la zamani kidogo. Katika wiki ya tatu wale kinamama wanaopika waliunguza mbegu za kitani, kashata zikawa na uchungu, na watu watatu wakataka kujitoa. Nikaenda kukaa nao kwenye baraza ya mawe. Nikawaambia babu yangu alikuwa akitafuta chakula kichungu kwa makusudi, kwamba mafuta ya damu yanaogopa uchungu kama paka anavyoogopa maji, kwamba kashata ikiwa tamu inapita tu tumboni lakini ikiwa chungu inashuka na panga mkononi. Wakazimeza. Hakuna aliyejitoa. Mehrangez alinishukuru siku ile, hakujua nimewaambia nini.

Basi. Asubuhi ninayoisimulia ilianza vizuri mno, na mimi asubuhi za namna hiyo nimejifunza kuzitilia shaka.

Gulsambar alinipa bakuli la uji wa shayiri, zito kuliko kawaida. Akasimama kunitazama mpaka nikalikwangua. Akaniongeza bakuli la pili. Nikala, nikausifu uji wake kama kawaida yangu. Akatabasamu kidogo, akajifunga shela, akasema anakwenda kwa dada yake kuanika matunda. Hatua zake ni zile zile za mayai.

Sikuwa nimevaa kofia bado nilipoona Mehrangez anapanda ngazi za shamba. Alikuwa ameteremka mjini siku tatu kufuata majibu ya damu. Ile mvua iliyochanganya kokwa za Nazir ilikuwa pia imemwaga mlima juu ya barabara, na mnara wa simu ulikuwa umelala tangu siku hiyo, kwa hiyo binti wa watu alikwenda kwa miguu akarudi kwa miguu.

Akanisalimia, akakaa kwenye ngazi, akanikunjulia karatasi. Watu kumi na mmoja kati ya kumi na wawili, mafuta yao yameshuka. Wengine kidogo, wengine sana. Kashata zinafanya kazi.

Nikataka kuimba. Akanizuia kwa mkono. Kuna mambo mawili haelewi, akasema. La kwanza, mtu pekee ambaye mafuta yake hayajashuka hata chembe ni Mama Gulsambar, mke wangu. La pili, damu iliyoshuka kuliko zote ni yangu, na mimi sikuandikwa wala sijapewa hata kashata moja.

Nikamwambia huo ni urithi wa babu. Hakucheka.

Akatoa kashata kwenye pindo la shela yake. Mchanganyiko mpya, alisema, kaupitisha kwa majaribio, anataka niuonje kabla ya watu wengine.

Nikatafuna. Nikamtazama usoni, kama nilivyozoea. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba.

"Tamu," nikasema. "Forosadi zimezidi kidogo. Lakini tamu."

Maji ya mferejini yalisikika mpaka pale tulipo.

"Mjomba," akasema, "nimeipaka nyongo ya mbuzi."

Niliiweka ile kashata chini taratibu, kama inaweza kulia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwezi wa pili."

"Na magunia?"

Nikaanza kutafuta kofia yangu. Akaniuliza tena, kwa upole ule ule, kama magunia yote nimeyaonja hivyo hivyo. Nikasema yote. Heri angepiga kelele. Mehrangez akikasirika hupiga kelele mpaka kuku wanahama, na siku hiyo hakupandisha sauti hata kidogo.

Akanieleza. Alipofika alipitia kwanza kwenye chumba cha kupikia. Kinamama walikuwa wameendelea bila yeye, kama alivyowaagiza. Katika koo la mashine ya kusagia alikuta viini vimekwama. Akakitafuna kimoja, kitamu. Akakitafuna cha pili, akatema hadi machozi yakamtoka. Akatazama daftari, akaona ni gunia la kumi na moja, na mbele yake kuna alama yangu ya kukubali.

Trei ya gunia hilo ilitoa kashata ishirini na nne. Ziligawiwa jana alasiri. Kila mtu mbili, za kuliwa leo asubuhi.

"Moja ni kuumwa kichwa," akasema. "Mbili, kwa mtu mzima mwenye afya, ni kulala kitandani na kuomba. Mbili kwa mtu mwenye moyo kama wa Mama..."

Mimi nikamalizia kichwani mwangu. Hakuna simu, hakuna gari. Kutoka Chilgand hadi penye daktari ni saa nne, mgonjwa akiwa amebebwa kitandani na vijana wanaokimbia.

Tukagawana kijiji. Yeye nyumba za juu, mimi nyumba za chini, maana nyumba ya dada yake Gulsambar iko chini, mwisho kabisa, na njia inapita kwenye baraza ya mawe.

Nilikimbia. Mnaonijua kwa hadithi zangu mtadhani naongeza chumvi, na chumvi siijui tena, kwa hiyo aminini. Nilikimbia na miaka yangu sabini na kichwa kikaanza kunigonga kabla sijafika kwenye mti wa kwanza. Nikajisemea ni jua.

Barazani alikuwepo Hayat Shah, aliyekuwa tarishi wa bonde zima enzi zake, na wazee wenzake wawili. Hayat Shah alikuwa na kashata mkononi, imeng'atwa nusu.

Nikamwambia aiache. Nikamwambia ina sumu, gunia limechanganyika, nimekosea kuonja. Nilisema vizuri tu, kwa kifupi, bila babu ndani yake.

Wazee wakatazamana. Hayat Shah akaigeuzageuza ile kashata.

"Wiki ya tatu ulituambia uchungu ndio dawa," akasema. "Leo uchungu ni sumu. Wiki ijayo utatuambia nini, Mirbaz, kwamba mlima umeposwa?"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nikaapa. Hayat Shah akasema anakijua kiapo changu, ndicho nilichoapia habari za yaki. Akasema anaelewa kilichotokea: Mehrangez amerudi na majibu mazuri, kashata zitapanda bei, na mimi nimetumwa kukusanya za bure.

"Leo ndiyo imeiva hasa," akasema. "Inashuka na panga mkononi, sivyo? Maneno yako hayo."

Akaipeleka mdomoni.

Sijawahi kumpiga mtu mzima. Fimbo yangu ilimkuta kwenye kiganja, kashata ikaruka, ikaangukia mferejini ikaenda na maji. Kicheko kikakatika. Hayat Shah aliinuka kunirudishia, na angenirudishia, ni mtu wa mkono mzito. Lakini alipoinuka akayumba. Akalishika bega la mwenzake. Akasema dunia imekuwa mbali, inazunguka.

Akakaa chini polepole, akaweka kichwa kati ya magoti. Alikuwa amekula moja na nusu.

Wale wawili hawakucheka tena. Mmoja akatoa kashata zake mfukoni, nzima zote mbili, akazitupa chini kama nyoka. Wa pili akasema zake alikuwa amezisahau nyumbani, akaondoka mbio na fimbo yake begani, hakuitumia hata kidogo. Vijana wakaitwa kutoka mashambani. Wakamlaza Hayat Shah kwenye kitanda cha kamba, wanane wakakinyanyua, wakateremka nacho kwa zile njia zilizobomoka. Kitanda hicho ndicho kijiji kizima kinachokitumia kubebea wagonjwa, na vijana hao ndio wote waliobaki Chilgand wenye miguu.

Kabla hawajapotea kwenye kona, Hayat Shah aliinua mkono. Sijui alikuwa ananiaga au ananilaani.

Mimi nikaendelea na njia. Kichwa kilikuwa kinagonga kama mtu yumo ndani anataka kutoka. Nikajisemea ni hofu. Nikapita nyumba moja baada ya nyingine, na kila mlango nilioufungua walishasikia habari za tarishi, kwa hiyo sikuhitaji kuapa. Kashata zikarudishwa. Bibi mmoja alikuwa amempa mbuzi wake kashata zake, na mbuzi alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Nikamfunika kwa gunia.

Kwa dada yake Gulsambar sikumkuta. Alishamaliza kuanika, dada yake akaniambia, amerudi nyumbani kwa njia ya juu.

Pale uani walikuwa wameketi kinamama watatu, majirani, wote wa orodha ya Mehrangez. Nikawaomba kashata zao. Wakatazamana kama wasichana waliokamatwa.

Mmoja akajikaza akasema. Jana walizionja kidogo tu kwa ncha ya ulimi, wakashindwa. Uchungu ulizidi. Waliona haya kumrudishia Mehrangez, maana binti amehangaika. Kwa hiyo walimpa Gulsambar.

"Alizitaka mwenyewe," akasema. "Alisema kama ni chungu hivyo basi ndizo zenyewe, na anajua pa kuzipeleka."

Watatu, mbili mbili. Sita. Na zake mbili. Nane.

Ndugu zangu, nimewahi kusimama chini ya mlima wakati theluji yote inashuka, na huo si uongo. Kuna sauti kwanza, halafu kunakuwa hakuna sauti. Pale uani palikuwa hakuna sauti.

Nikafikiri habari ya karatasi. Mafuta yake hayakushuka. Nikafikiri labda amejua, labda Mehrangez amekutana naye njiani akamwambia, na yeye kwa hofu ya moyo wake ameamua kuzila zote kwa mpigo. Mtu aliyelala hospitali siku tisa anaweza kufanya lolote.

Sikukimbia tena, miguu ilikataa. Nilipanda zile ngazi za mashamba nikishika kuta za Nazir, jiwe kwa jiwe. Vidole vilikuwa havilisikii jiwe. Nikajisemea ni uzee.

Gulsambar alikuwa uani kwetu, amekaa juani, anavunja kokwa kwa jiwe. Mzima. Mashavu mekundu. Aliponiona akacheka, akasema nimekuwa na rangi ya jivu, nimefukuzwa na mwenye deni gani.

Nikakaa kwenye kizingiti, si kwa kutaka.

"Gulsambar," nikasema. "Kashata. Umekula?"

"Zipi?"

"Za jana. Zako na za wale wenzako. Nane."

Akaliweka jiwe chini. Akajifuta mikono kwenye shela, akatazama pembeni kama mtu aliyefumaniwa na kitu kizuri.

"Sijawahi kula hata moja," akasema. "Tangu siku ya kwanza."

Mwili wangu wote ulilegea kwa furaha. Nilicheka, nadhani nilicheka. Hajala. Hajala hata moja, ndiyo maana damu yake haikushuka, tazama jinsi mambo yalivyo rahisi. Nikafumba macho nikashukuru.

Kisha nikayafumbua, maana alikuwa bado anasema.

Alisema alijua habari za ulimi wangu tangu mwezi wa pili. Alinitilia sukari kwenye chai yetu ya chumvi, kwa kukosea, na mimi nikamlalamikia kwamba chumvi imezidi. Akajaribu tena kwa makusudi. Akajua. Hakusema, kwa sababu mwanamume akificha kitu kwa bidii namna ile mkewe hamvui nguo mbele ya watu.

"Na wewe ulikataa kuandikwa," akasema, "na mchuzi wako wa mafupa, na babu yako. Moyo wangu mimi madaktari wameshautazama. Wako nani ameutazama? Kwa hiyo nikawa nakusagia. Zangu mbili, kila asubuhi, kwenye uji, nikishauipua. Huonji kitu. Ungejuaje?"

"Na leo?" nikauliza, ingawa mabakuli yote mawili yalikuwa mbele ya macho yangu, mazito, na yeye amesimama anasubiri nikwangue.

"Leo nimekutilia nyingi. Si ulisema mwenyewe, uchungu ndio unaokata mafuta? Nimezitia zote. Nusu umekula, nyingine imebaki sufuriani kwa kesho."

Nikamwambia. Nilijitahidi kusema kila neno peke yake. Gunia la Nazir. Kokwa za makaburini. Ni sumu, nimekula sumu, mwite Mehrangez, yuko nyumba za juu.

Gulsambar alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande. Kisha nikaliona tabasamu likianza kwenye pembe ya mdomo wake, lile ambalo nimelifanyia kazi miaka thelathini na minane.

Akasema nimejua kukimbia uji, lakini hii ya leo nimeitunga kwa haraka. Hadithi ya yaki ilikuwa bora. Akasema hata siku nitakayokufa nitakufa kwa porojo, na watu watasubiri siku tatu kabla ya kuchimba, kuhakikisha.

"Kweli," nikasema. "Safari hii kweli."

"Ndivyo ulivyosema habari za yaki."

Akainuka. Akaingia ndani, akatoka na sufuria, akakaa mbele yangu juani. Sufuria ilikuwa nusu, uji umeganda, mzito, una vipande vyeusi vya forosadi. Akachukua kijiko changu kile kile.

"Tazama," akasema, kama anavyosema mtu na mtoto anayeogopa dawa. "Mimi na moyo wangu mbovu nakula kwanza. Halafu utanyamaza."

Nilitaka kuunyoosha mkono. Mkono ulibaki mapajani.

Nikafungua mdomo nimzuie, neno moja tu lingetosha. Ulimi ule, uliosema uongo miaka sabini bila kuchoka, ulilala mdomoni kama kipande cha nyama kisicho cha mtu.

Kijiko kikapanda.